René Laennec, mganga aliyelipa jina ini lililokauka

Mjini Sakania, sawa na Lubumbashi, mgonjwa mwenye tumbo lililojaa maji na macho ya manjano anaweza kuambiwa na waganga kwamba ana siroze. Jamaa hurudi nyumbani na neno hilo bila kujua limetoka wapi. Lilitungwa na Mfaransa René Laennec, zaidi ya miaka 200 iliyopita.

Laennec alizaliwa Quimper, magharibi mwa Ufaransa, tarehe 17 mwezi wa pili 1781. Mama yake alifariki mapema, naye akalelewa mjini Nantes na baba yake mdogo, Guillaume, aliyekuwa mganga. Alikuwa mwembamba, afya yake dhaifu, na alipenda kupiga filimbi.

Mwaka wa 1816, katika hospitali ya Necker mjini Paris, aliona haya kuweka sikio kwenye kifua cha msichana mgonjwa wa moyo. Alikunja karatasi kama bomba, akasikia moyo vizuri kuliko alivyowahi kuusikia. Baadaye alichonga bomba la mti kwa mikono yake. Ndiyo stetoskopu ya kwanza.

Kitabu chake cha 1819 kilihusu kifua. Ini limo kwa maelezo mafupi tu, chini ya ukurasa: ini la marehemu mmoja, dogo, gumu, lililojaa chembe za rangi ya manjano inayoelekea kahawia. Laennec alichukua neno la Kigiriki linalotaja rangi hiyo. Kumbe jina linalotisha watu hadi leo ni jina la rangi!

Pombe hakuwa yeye wa kwanza kuitaja. Matthew Baillie, wa London, alikuwa ameihusisha na ini gumu tangu 1793. Laennec naye alidhani zile chembe ni nyama mpya inayoota kama uvimbe, na hapo alikosea. Ni seli za ini zinazojaribu kujijenga upya katikati ya makovu, yawe ya lutuku ya miaka mingi au ya virusi vya hepatiti B na C.

Kujijenga huko kuna mwisho. Kila seli ikigawanyika, telomeri, yaani ncha zinazolinda kromosomu zake, hupungua urefu. Watafiti wamezikuta fupi zaidi katika ini lenye siroze kuliko katika ini zima. Zikiwa fupi mno, seli haigawanyiki tena. Laennec asingeweza kujua: jina telomeri lilitolewa 1938.

Yeye mwenyewe hakuuawa na ini. Mwaka wa 1826, akiwa amedhoofika kwa kikohozi na homa, alimwomba Mériadec, jamaa yake, amsikilize kifua kwa stetoskopu. Mériadec alisikia dalili za kifua kikuu, zilezile ambazo Laennec alikuwa amezieleza kitabuni. Alifariki tarehe 13 mwezi wa nane, akiwa na miaka 45, na bomba lake akamwachia Mériadec.