Sheikh Al-Amin na Hesabu ya Haki

Siku hizi si ajabu kumwona kijana aliyehitimu kidato cha nne akitoa simu mfukoni ili ajue thumuni ya shilingi elfu nne ni ngapi. Huenda pia asijue thumuni yenyewe ni nini, ingawa wazee wake wa Mombasa waliiita sarafu ya senti 50 kwa jina hilo. Wapo wanaodai kwamba jambo hili halina madhara, kwa kuwa chombo hujibu upesi na hakikosei. Maisha ya mwanazuoni mmoja wa Mji wa Kale yanatupa sababu ya kulitafakari upya dai hilo.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo uliowahi kuutawala mji huo kutoka Ngome ya Yesu hadi mwaka 1837, Seyyid Said alipouondoa madarakani. Mtoto huyu alipokuwa na umri wa miaka minne hivi, Waingereza waliigeuza ngome hiyo kuwa gereza, na gereza ikabaki hadi mwaka 1958, miaka kumi na mmoja baada ya kufa kwake. Urithi wa mamlaka, basi, haukuwapo tena. Uliobakia ni urithi wa elimu, na huo nao ulikuwa karibu umponyoke, kwani baba yake, Sheikh Ali bin Abdalla, aliyekuwa mwanazuoni mashuhuri, alifariki mwaka 1894. Yatima huyo alilelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Baadaye alivuka bahari hadi Unguja, akasoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdalla Bakathir, magwiji wa fikihi wa zama hizo.

Miongoni mwa fani ambazo kadhi hana budi kuzimudu ni faraidhi, yaani elimu ya kugawa mirathi. Fani hiyo ni sheria, lakini pia ni hesabu tupu. Mafungu yaliyotajwa katika Kurani ni sita: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi moja na sudusi. Si sadfa kwamba Al-Khwarizmi wa Baghdad, aliyeandika katika karne ya tisa kitabu kilichoipa dunia neno aljebra, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa masuala ya wasia na mirathi. Mwanafunzi wa faraidhi wa Mombasa au Unguja mwanzoni mwa karne ya ishirini alikuwa akikoleza wino katika elimu hiyohiyo, wala hakuwa na kikokotoo ila kichwa chake na ubao wake.

Tuchukue mfano. Mtu amefariki akaacha mke, mama, mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili. Baada ya gharama za maziko, madeni na wasia kutolewa, mke hupata thumuni na mama hupata sudusi. Namba ndogo inayogawanyika kwa nane na kwa sita ni 24. Kwa hiyo mke ana mafungu 3, mama 4, na yanabaki 17. Mwana wa kiume huhesabiwa mara mbili ya binti, hivyo 17 yagawanywe kwa nne, nayo hayagawanyiki. Hapo mwanafunzi huzidisha 24 kwa 4, apate 96. Mke sasa ana 12, mama 16, mwana wa kiume 34, na kila binti 17. Jumlisha: ni 96 kamili. Hakuna aliyepunjwa, na kila mmoja anaweza kuonyeshwa fungu lake limetoka wapi.

Sasa tutazame mfano mgumu zaidi. Mwanamke amefariki akaacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja. Mume ana nusu, na dada wana thuluthi mbili. Nusu ni mafungu matatu kati ya sita, thuluthi mbili ni manne. Jumla ni saba kati ya sita! Kikokotoo kitakwambia kwamba mali imezidiwa, kisha kinyamaze. Wanazuoni waliamua kwamba mali igawanywe mafungu saba, mume apate matatu na kila dada mawili, ili upungufu uwaguse wote kwa uwiano. Mlango huu huitwa auli, na huo si uamuzi wa chombo bali wa akili iliyozoea kupima haki kwa namba.

Sheikh Al-Amin hakuifungia elimu msikitini. Mwaka 1930 alianzisha gazeti la As-Sahifa, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Humo aliwahimiza Waislamu wa pwani wajifunze elimu za kisasa bila kuitupa dini yao, na akakemea israfu. Baadhi ya makala hayo yalikusanywa mwaka 1944 katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Aliteuliwa Kadhi wa Mombasa mwaka 1932 na Kadhi Mkuu mwaka 1937, wadhifa aliokuwa nao hadi alipofariki mwaka 1947. Mwanawe Ali, aliyezaliwa mwaka 1933, alikuja kuwa profesa wa siasa aliyejulikana duniani kote.

Ni lipi basi la kujifunza? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imezipa mahakama za kadhi mamlaka juu ya mirathi ya Waislamu waliokubali kufika mbele yake. Lakini mjane asiyejua kwamba thumuni ni sehemu moja kati ya nane hawezi kujua kama amepewa haki yake au amelishwa mchanga wa macho. Ataonyeshwa tarakimu katika kioo cha simu, naye ataitikia tu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tuongeze kwamba daftari nalo halimfai asiyeweza kulihakiki.

Sisemi vikokotoo vitupwe, wala simtaki mtoto arudishwe kwenye vitabu vya logi. Nasema mtoto afundishwe kwanza kukadiria jibu kabla ya kubonyeza, na apewe mafumbo ya maisha yake mwenyewe, ya nyumba, shamba na warithi, ayafumbue kwa kalamu. Nasema pia maneno thumuni, thuluthi na sudusi yafundishwe darasani pamoja na maana zake, kwa sababu lugha yetu ilikuwa na msamiati wa sehemu kabla ya shule za serikali kuja. Kufanya hivyo kutaigharimu shule chaki na subira tu, na binti atakayefunzwa hivyo hatahitaji mtu wa kumwambia fungu lake ni lipi.