Huey Long: Gavana Aliyewapa Watoto Vitabu Bure, Kisha Akabeba Jimbo Lote Mfukoni

Ushawahi skia gavana ambaye masonko walimchukia hadi wakataka kumng'oa, na wasee wa chini wakamlilia kama mbuyu wao? Basi kaa hapo nikubongeshe kuhusu Huey Long wa Louisiana, kusini mwa Marekani.

Jamaa alizaliwa 1893 huko Winnfield, mji mdogo wa wakulima. Kabla ya siasa alikuwa anauza mafuta ya kupikia nyumba kwa nyumba. Alikuwa anaandaa mashindano ya kuoka keki ndio mafuta yauzike, na hapo ndipo alimpata Rose, bibi yake. Chuo hakumaliza. Alisomea sheria kidogo, akaomba apewe mtihani wa uwakili mapema, akapita 1915. (Tulia, sijasema na wewe usare shule.)

1924 aliwania ugavana akaanguka. 1928 akarudi, akabeba. Wakati huo Louisiana ilikuwa mikononi mwa matajiri wa New Orleans, wenye mashamba na kampuni ya Standard Oil. Barabara zilikuwa tope tupu. Siasa ya Long ilikuwa simpo: wenye nacho watoe. Kampuni za kuchimba mafuta zikaongezewa ushuru, na vitabu vya shule vikawa bure kwa watoto weusi na weupe, hadi wa shule za Wakatoliki. Ikaja lami, madaraja, shule za usiku za watu wazima. Lakini usidhani alikuwa anapigana na ubaguzi. Shule zilibaki zimetenganishwa, na hiyo hakuigusa.

1929 akataka senti 5 kwa kila pipa la mafuta linalosafishwa. Mazee, moto ukawaka! Bunge la jimbo likamshtaki atolewe ofisini, kuanzia hongo hadi kutumia vibaya pesa za umma. Kesi ilipofika seneti, maseneta 15 wakasaini karatasi kwamba hawatampata na hatia, ushahidi uwe gani. Theluthi mbili ikawa ndoto. Kesi ikafa hivyo tu.

Mimi naona hapo ndipo mambo yaligeuka. Wafanyakazi wa serikali walikuwa wanakatwa mshahara kulipia siasa zake, na wengine walisainishwa barua za kujiuzulu zisizo na tarehe. Fikiria bosi wako ako na hiyo barua kwa droo. 1930 alichaguliwa seneta wa Washington, lakini alikataa kuachia ugavana hadi Januari 1932, maana naibu wake walikuwa hawaivi. Kiti kikaenda kwa beste yake wa nyumbani, Oscar Allen, na Long akaendelea kuendesha jimbo kwa rimoti.

Uchumi wa Marekani ulikuwa chini kabisa. 1934 akaanzisha Share Our Wealth: mali ya tajiri iwekewe kikomo, kila familia ipate angalau dola 5,000 za kuanzia maisha. Mamilioni wakajiunga. Roosevelt, ambaye alimsapoti 1932, sasa alikuwa anamezewa mate kiti. Wengine walimwita mjamaa, na wajamaa wenyewe wakamkataa. Wengine wakasema ni dikteta, na hao huwezi kuwabishia sana.

8 Septemba 1935, Baton Rouge. Long alikuwa kwenye bunge la ghorofa 34 alilojenga mwenyewe, akisukuma sheria ya kumnyima jaji mmoja mpinzani kiti chake. Daktari kijana, Carl Weiss, mkwe wa huyo jaji, akamkaribia koridoni. Risasi. Walinzi wakammiminia daktari risasi nyingi, akadedi papo hapo. Long alikufa siku mbili baadaye, miaka 42.

Zaidi ya watu 100,000 walikuja kumzika, mbele ya jengo lile lile. Desemba hiyo, daraja lenye jina lake likafunguliwa juu ya mto Mississippi. Rose akachukua kiti chake Washington, na kaka yake Earl baadaye akawa gavana.