Miezi saba Kabambare: jinsi imani ya Livingstone ilivyoimarishwa

Jina la Daktari David Livingstone wengi wetu tulilisikia shuleni. Alizaliwa Blantyre, Uskoti, mwaka 1813, akaanza kazi katika kiwanda cha pamba akiwa na miaka 10, akasoma utabibu na Neno la Mungu, akafika Afrika mwaka 1841. Lakini si wengi wanaokumbuka kwamba baadhi ya siku ngumu kabisa za maisha yake aliziishi hapa kwetu, kusini mwa Maniema.

Aliingia Maniema mwaka 1869 akitafuta chanzo cha mto Nile. Alidhani Lualaba yetu ndiyo Nile, na katika hilo alikosea. Sanduku lake la dawa liliibwa tangu 1867, na watumishi wake karibu wote walikuwa wamemwacha. Mwezi wa 7 mwaka 1870 alirudi Bambarre, ndiyo Kabambare ya leo, miguu imejaa vidonda, hawezi tena kutembea. Waliobaki naye walikuwa watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Alikaa pale karibu miezi saba.

Alifanya nini? Alisoma Biblia. Kwa muda aliokuwa Maniema aliisoma yote mara nne. Karatasi zilipomwishia aliandika juu ya magazeti ya zamani, kwa wino wa matunda ya porini. Hakuwa malaika. Alikuwa mwepesi wa hasira, na alikula chakula cha wafanyabiashara wa watumwa, watu ambao kazi yao aliichukia. Lakini kila siku alirudi kwenye Neno.

Mwezi wa 2 mwaka 1871 aliondoka, akafika Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba, katika teritware ya Kasongo. Tarehe 15 mwezi wa 7 ilikuwa siku ya soko, na mama wengi walikuja kuuza. Watu wa wafanyabiashara wakaanza kuwapiga risasi. Wengi walijitupa mtoni wakazama. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400.

Livingstone hakuweza kuwazuia. Lakini alikataa kuendelea na safari pamoja nao, ingawa alihitaji msaada wao ili asonge mbele, akarudi Ujiji. Tena aliandika yote aliyoyaona. Stanley, aliyemkuta Ujiji mwaka huo, alizipeleka barua zake Uingereza, na watu walipozisoma walikasirika sana. Tarehe 5 mwezi wa 6 mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba, na soko la watumwa la Zanzibar likafungwa.

Yeye mwenyewe hakuiona siku hiyo. Alikuwa amefariki mwanzoni mwa mwezi wa 5, katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Zambia ya leo. Watu wake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Susi na Chuma, pamoja na wenzao, wakaubeba mwili wake kwa miguu miezi mingi hadi Bagamoyo, pwani. Tunapomtaja Livingstone, tusiwasahau hao.

Ndugu zetu wa Kasongo na Kabambare, wengi wenu mmekimbia vijiji, mmeuguza bila dawa, mmengoja msaada usiofika. Siku kama hizo tunaweza kudhani kwamba Mungu ametusimamisha bure. Lakini katika Waefeso 6 Paulo anatufundisha kuvaa silaha kabla siku ya uovu haijafika. Livingstone alivaa zake Kabambare, akiwa amelala na vidonda. Siku ya Nyangwe ilipofika, hakuwa na nguvu ya kuzuia bunduki, ila alikuwa na nguvu ya kutokubaliana na uovu na ya kutonyamaza.

Basi tusingoje vita ndipo tufungue Biblia. Tuisome sasa, nyumbani na watoto wetu, hata kama ni sura moja kwa jioni. Na tunapoona mwenzetu anaonewa, tuseme kweli, hata kama matunda yake wataona wengine. Bwana awatie nguvu.