Satie, mutu wa piano wa Arcueil

Erik Satie hakuwa mutu wa feza. Tangu 1898 alikaa Arcueil, karibu na Paris, mu kartie ya watumikaji. Miaka mingi alienda na miguu kupiga piano mu mabaa ya Montmartre. Watoto wa kartie aliwafundisha miziki. Mu 1914, walipomuua Jaurès, mutetezi wa wachimbaji, aliingia chama cha wasosialisti.

Tarehe 4 Desemba 1924, siku yetu ya Sainte-Barbe, Paris waliona Entr'acte, filme ya René Clair, bila sauti. Satie alipima miziki sawa na picha: vipande vifupi, orkestra inavirudilia mpaka picha igeuke. Ilikuwa kazi yake ya mwisho.

Alikufa tarehe 1 Julai 1925. Ni hapo tu marafiki waliingia mu chumba chake, wakakuta umaskini wenye aliwaficha miaka 27.