Padri Aliyewasikiliza Vijana wa Viwandani

Joseph Cardijn alizaliwa mwaka 1882 Schaerbeek, kando ya mji wa Brussels, akakulia katika mji mdogo wa Halle. Wazazi wake walikuwa watu wa jasho. Wenziwe walipomaliza shule ya chini waliingia viwandani. Yeye akaomba akasomee upadri, na babake akakubali kuzidi kutumika ili mwana asome.

Aliporudi likizo, rafiki zake wa utotoni walimkwepa. Machoni mwao alikwisha kuwa mtu wa upande wa matajiri, na dini waliyofunzwa pamoja ilikuwa imewatoka. Hakuna aliyewashinda kwa hoja. Ni kazi ya mapambazuko hadi usiku, na mazungumzo machafu waliyoyakuta mle ndani. Mwaka 1903 babake akafariki, na Cardijn akaweka nadhiri kando ya kitanda cha mauti kwamba umri wake wote atautoa kwa ajili ya wafanyakazi. Alipata upadri mwaka 1906.

Mwaka 1912 alipelekwa parokia ya Laeken, akaanza na wasichana wa kazi, mafundi wa kushona miongoni mwao. Hapa ndipo ninapomstahi bwana huyu, ingawa dini yake si yangu. Hakupanda mimbari akawahubiria. Aliwaketisha wachache wachache, mfano wa barza zetu, akawauliza: mshahara ni kiasi gani, msimamizi anawasemesha vipi, mwenzenu aliyeumia anatunzwa na nani? Kwanza walitazama jambo lilivyo. Kisha walilipima kwa Injili. Mwisho waliamua la kutenda, na kikao kilichofuata kila mmoja alieleza alilolifanya. Msemaji alikuwa kijana mwenyewe, padri alisikiliza. Sisi tuliopitia chuoni twajua kwamba kuhifadhi ni jambo moja, na kuishi na ulichohifadhi mbele ya bwana mkubwa wa kazi ni jambo jingine kabisa.

Wakati wa vita vya kwanza, Wajerumani walimtia gerezani. Alipotoka aliendelea na vijana watatu, Tonnet, Garcet na Meert, hata chama chao, JOC, kikasimama. Baadhi ya wakubwa wa kanisa walikitilia shaka, wakiona kitawatenga maskini na matajiri. Mwaka 1925 Cardijn alifunga safari hadi Roma, akafika mbele ya Papa Pius wa Kumi na Moja, naye akamuunga mkono. Baada ya hapo chama kilienea nchi nyingi. Hata hapa Kenya, wanafunzi wa Kikatoliki katika YCS hukaa vikao kwa mtindo huo huo wa kuona, kuamua na kutenda.

Vita vya pili vilimrudisha gerezani, mwaka 1942. Yeye alitoka salama. Tonnet na Garcet walikamatwa pia, wakafia katika kambi ya Dachau mwaka 1945. Sijui mwalimu huzibeba vipi habari kama hizo za wanafunzi wake.

Mwaka 1961 Papa Yohane wa Ishirini na Tatu aliitia njia ile ya hatua tatu katika waraka wake kwa kanisa zima. Mwaka 1965 Cardijn akafanywa kardinali, mzee wa miaka 82. Alifariki Julai 1967, akazikwa katika kanisa la Laeken, pale pale alipoanza na wale mafundi wa kushona.