Mwana Kupona na Binti Aliyeitwa na Wino

Kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili amekutana na Mwana Kupona binti Msham, na takriban sote tumekutana naye katika mjadala ule ule: mke amtii mumewe kwa kiasi gani? Katika semina, beti za kumkanda mume na kumpepea ndizo hututoa jasho, na saa zikiisha hutoka tumegawanyika kambi mbili. Sikusudii kuurejelea ubishi huo. Ninayetaka kumsimulia ni Mwana Kupona mzazi, aliyemwita mwanawe aje karibu na wino na karatasi. Nadhani hapo tumepita mbio.

Alizaliwa katika kisiwa cha Pate, akaishi katika karne ya 19, zama ambazo visiwa vya Lamu havikuwa na utulivu. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Bwana huyu alikataa kuinamia utawala wa Zanzibar kwa miaka mingi, na katika miaka ya 1840 jeshi la Sayyid Said lilishindwa mbele ya mji wake. Mwana Kupona alikuwa wa mwisho miongoni mwa wake zake, akamzalia watoto wawili. Kuhusu ndoa hiyo yeye mwenyewe ameacha ushahidi katika utendi wake: anaikumbuka kama ndoa isiyokuwa na ugomvi, na mume aliyeondoka duniani akiwa radhi naye.

Lakini Siyu haikuwa ngome tu. Ulikuwa mji wa mafundi wa ngozi na wa wanazuoni, mji ambao watu wake walinakili Kurani kwa mkono, wakaitia nakshi na kuijalidi. Mtoto aliyekulia humo aliona kalamu ya mwanzi na kidau cha wino kama mtoto wa mvuvi aonavyo nyavu. Wavulana walikwenda chuoni na ubao wao. Mabinti wa nyumba za kiungwana, kwa upande wao, walikaa ndani kwa mujibu wa desturi, na ni rahisi kwetu leo kudhani kwamba kukaa ndani kulikuwa sawa na kukaa gizani. Sivyo. Ndani ndimo tendi ziliposomwa kwa sauti na kughaniwa, na ndimo wanawake walipozinakili kwa hati za Kiarabu, mmoja akimwazima mwenziwe. Kuandika, kwa wanawake hao, kulikuwa shughuli ya nyumbani kama zilivyokuwa kupika na kusuka ukili.

Tunafika mwaka wa 1275 wa Hijria, yaani 1858. Bwana Mataka amekwisha kufariki. Mwana Kupona mwenyewe ni mgonjwa, na maradhi yamemshika kwa mwaka mzima bila yeye kupata nafasi ya kuzungumza vyema na binti yake, Mwana Hashima. Hapo ndipo anapomwita. Hamwambii tu atege sikio, kama ambavyo mzazi yeyote mwenye wosia angefanya. Anamtaka asogee, aketi, na aje na vifaa vya kuandikia. Iwapo mama aliandika mwenyewe huku binti akitazama, au mama alitamka na binti akaandika, matokeo kwa mtoto ni yale yale: jambo zito kuliko yote katika maisha yake lilifanyika kwa kalamu, mbele ya macho yake, katika chumba alichokizoea. Tena anayeagizwa wino, ajue unakowekwa.

Kisha litazame lile linalofuata. Kabla ya amri yoyote, kabla ya dini na adabu na mume, Mwana Kupona anamwahidi binti mapambo. Maneno atakayompa ni hirizi ya kufungwa kwa uzi. Ni kidani cha lulu na marijani atakachomvika shingoni. Msichana wa Pate alijua thamani ya kidani. Hapa maandishi hayaletwi kama adhabu wala kama kazi ya shule (naomba radhi kwa walimu wenzangu wenye fimbo), bali kama kitu kizuri ambacho mtoto angependa kukivaa. Sitaki kumfanya Mwana Kupona kuwa mtaalamu wa malezi wa siku zetu. Alichokitaka kwanza ni binti mcha Mungu na mwenye adabu, na mengi aliyomwagiza yanapingwa leo kwa haki. Hata hivyo, njia aliyoichagua ni fundisho lenye kujitegemea.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Katika nyumba niliyokulia, kalamu ilikuwa moja, nayo ilikaa juu ya kabati, ikateremshwa kwa ajili ya fomu za ofisi tu. Mtoto aliyeigusa alionywa asiimalize wino. Nilianza kupenda kuandika nikiwa nimekwisha kupita utoto, na kuna mlango ambao nahisi sikuingilia.

Mwishoni mwa utendi, baada ya dua ndefu ambamo hawasahau wanawe, Mwana Kupona anautia mwaka wa kutungwa kwake na kuwaalika wanawake wote wausome. Alifariki miaka michache baadaye. Wosia wa chumbani ukatoka Siyu kwa mikono ya wanawake, nakala baada ya nakala, hadi Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka wa 1934, J. W. T. Allen naye akauingiza katika kitabu chake cha tendi mwaka wa 1971. Nakala hizo hazilingani. Hapa neno limebadilika, pale ubeti umehama au umeachwa, na wahariri wamelazimika kuchagua. Mhariri huona kero katika tofauti hizo. Mimi huona mikono ya watu waliokuwa wameketi nyumbani mwao, karatasi mapajani, wakiandika.