Frida Kahlo: Damu, mashaka na mtoto ambaye hakuzaliwa

Usiku wa Julai 4, 1932, katika mji wa Detroit nchini Marekani, mchoraji Frida Kahlo wa Mexico alikimbizwa hospitali akitokwa na damu nyingi. Alikuwa amebakiza siku mbili tu kutimiza miaka 25, na ujauzito wake ulikuwa umefikisha takriban miezi mitatu na nusu. Katika makala haya tunamkumbuka msanii huyo kupitia jambo ambalo wanawake wengi hulipitia kimyakimya.

Frida alizaliwa Julai 6, 1907 huko Coyoacán, Mexico. Septemba 1925 basi alilopanda liligongana na tramu. Chuma kilimpenya kwenye nyonga, na uti wa mgongo ukavunjika. Alipona kiasi cha kutembea tena, lakini tangu siku hiyo swali la kama angeweza kubeba mimba hadi mwisho halikumwacha.

Mwaka 1929 aliolewa na mchoraji mashuhuri Diego Rivera. Mimba ya kwanza, mwaka uliofuata, ilitolewa kwa sababu za kiafya. Mwaka 1932 wakawa Detroit, ambako Diego alikuwa akichora kuta za jumba la sanaa la mji huo. Hapo Frida akagundua kuwa ni mjamzito tena.

Alimtaka mtoto, na papo hapo aliogopa. Mwanzoni daktari alimpa kwinini na mafuta ya mbarika ili mimba itoke, njia ambayo leo hakuna anayepaswa kuijaribu. Alitokwa na damu kidogo kwa siku tano au sita, akaamini yamekwisha. Aliporudi kupimwa, aliambiwa mimba bado ipo, na kwamba angeweza kujifungua kwa upasuaji. Akaamua kuibakiza. Wiki zilizofuata zikawa za kusubiri, huku hajui mwili wake unamwambia nini.

Wakati ule daktari hakuwa na altrasaundi ya kuchungulia ndani ya tumbo. Kipimo cha altrasaundi kwa wajawazito kilianza kujulikana mwaka 1958, kufuatia kazi ya madaktari wa Glasgow, Uingereza. Kabla ya hapo, mara nyingi mama na daktari walibaki kukisia.

Baada ya usiku ule wa Julai, Frida alilazwa karibu wiki mbili. Aliomba kalamu na vitabu vya tiba vyenye picha, akaanza kuchora. Mwaka huohuo alikamilisha mchoro uitwao Hospitali ya Henry Ford. Amejichora akiwa uchi juu ya kitanda chenye damu, chozi likimdondoka, ameshika nyuzi nyekundu zilizofungwa kwenye vitu sita, miongoni mwao kijusi, konokono na mifupa ya nyonga. Kwa mbali vinaonekana viwanda. Msiba ambao kwa kawaida ulifichwa chumbani aliuweka mbele ya macho ya watu.

Mwaka huo haukumhurumia. Septemba mama yake alifariki dunia. Frida alipata mimba nyingine baadaye, lakini hakujaliwa kupata mtoto. Alifariki Julai 13, 1954, katika nyumba ileile ya buluu alikokulia.

Tunajifunza nini? Kwanza, damu pekee haitoi jibu. Karibu mwanamke mmoja kati ya wanne hutokwa na damu katika miezi mitatu ya mwanzo, na wengi wao hujifungua salama. Wengine hupoteza mimba, mara nyingi kwa sababu ya hitilafu katika vinasaba vya kijusi, wala si kwa kuwa mama aliinua ndoo au alikasirika. Jibu hupatikana kwa vipimo, na wakati mwingine hulazimu kurudia baada ya wiki moja au mbili.

Pili, zipo dalili zisizosubiri kupambazuke: damu nyingi, maumivu makali ya tumbo hasa upande mmoja, maumivu ya bega, kizunguzungu au kuzimia. Huenda mimba imetunga nje ya mji wa uzazi. Mpeleke mgonjwa hospitali mara moja.

Na kwa aliyepoteza mimba, hata iwe changa kiasi gani, tusimwambie asahau. Frida hakusahau.